Tenet sikusikia, Roma nililala: movie mbovu au tv yangu?

Msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia meseji ndefu, naifupisha hapa ili na wengine mpate faida. Kanunua tv ya inchi 55, na mwezi huu yeye na mkewe wameangalia nyumbani movie tatu ambazo kila mtu anazisifia. Ya kwanza Tenet, anasema hakusikia wanaongea nini, akipandisha sauti unakuja mlipuko mtoto anaamka, akishusha hasikii tena, usiku mzima rimoti mkononi. Ya pili All Quiet on the Western Front, ile ya vita iliyotoka 2022, anasema ilionekana kama tamthilia ya jioni, watu kama wanateleza, halafu midomo haiendani na maneno. Ya tatu Roma, nyeusi na nyeupe, hiyo alilala kabisa. Kagusia pia picha za gizani kutoonekana vizuri, na mwishoni kaulizia saundiba, ile spika ndefu ya kuweka chini ya tv. Swali lake: "Kaka, hizi movie ni mbovu watu wanajifanya tu, au mimi ndo sijui movie, au tv nimepigwa?"

Tv hujapigwa kaka, na hilo la kutojua movie futa kabisa. Mimi kazi yangu ni sauti, nachanganya maongezi na muziki wa filamu na tamthilia zetu hapa Dar, na nikisoma meseji yako naona kila movie imeharibiwa na kitu chake, na karibu vyote unaweza kuvirekebisha leo jioni bila fundi. Ila kimoja hakirekebishiki, na nitakwambia ni kipi.

Tuanze na Tenet maana hiyo ndo watu wengi inawatesa. Movie kubwa ya sinema inachanganywa kwa ajili ya ukumbi, na pale ukumbini kuna spika nyuma ya skrini katikati kabisa ambayo kazi yake kubwa ni maongezi, halafu kuna za kushoto na kulia, za pembeni na nyuma, na ile ya besi peke yake. Kwa hiyo muziki ukinguruma, sauti ya mtu ina mlango wake wa kutokea. Sasa wewe umeileta sebuleni, tv yako ina spika mbili ndogo ambazo kwenye tv nyembamba za siku hizi zinaangalia chini au zinaangalia ukuta, na zile chaneli sita zote zinabanwa zipite kwenye hizo mbili. Mtu anaongea, injini inanguruma, violini zinalia, vyote mlango mmoja. Na ukumbini wanafungulia sauti kubwa sana, kwa hiyo aliyechanganya kajiachia, mnong'ono kauacha mnong'ono na bomu kaliacha bomu, tofauti kati ya viwili hivyo ni kubwa kuliko nyumba yenye mtoto aliyelala inavyoweza kubeba.

Halafu juu ya hapo kuna mwongozaji wake, Christopher Nolan mwenyewe. Huyu bwana anapenda kutumia sauti ile ile aliyoitoa mwigizaji siku ya kurekodi, hapendi kumrudisha studio aongee upya, na ameshalisema hilo kwenye mahojiano. Kamera za IMAX za filamu, zile za skrini kubwa sana, alizozitumia zilikuwa na kelele. Na kwenye Tenet amewavalisha watu barakoa, amewaweka ndani ya magari, amewapeleka baharini. Iangalie tena ile sehemu ya mashua za mbio, zile zinazonyanyuka juu ya maji zinapoenda kasi, Kenneth Branagh na John David Washington wana helmeti, upepo unapiga, maji yanapiga, na pale pale ndo wanaongea mambo ya msingi ya hadithi. Mimi kwenye kazi yangu mteja akiniletea kitu kama kile nitamwomba maongezi yapande, na akikataa nitamwomba tena. Watu walilalamika hata walioangalia ukumbini 2020, kwa hiyo hapa tv yako inalaumiwa nusu tu, nusu nyingine ni uamuzi wa mwenye movie. Hicho ndo kile nilichosema hakirekebishiki. Weka subtaito, angalia kwa amani, na usione aibu, kuna watu Kiingereza ndo lugha ya mama zao na wanaweka subtaito kwenye hiyo hiyo.

Maoni yangu juu ya Tenet maana nimeulizwa: vitendo ni vikali, lile ndege lililogonga jengo ni ndege ya kweli kabisa na unaliona lina uzito wake, lakini wale watu sikuwajali, hadi mwisho sijui yule jamaa mkuu anapenda nini au anaogopa nini. Interstellar ya huyo huyo, ya 2014, naiweka juu sana, na yenyewe maongezi yanamezwa na kinanda sehemu kadhaa ila baba anapoangalia video za watoto wake waliokua bila yeye, pale kila neno linafika, na ndo pale palipotakiwa.

Sasa cha kufanya kwenye sauti. Kabla hujagusa hela, ingia kwenye menyu ya sauti ya tv. Zima kila kitu kinachojiita sarraundi, kwenye spika mbili ile ni kuizungusha sauti ya mtu tu mpaka inapotea. Tafuta hali ya sauti inayosema Clear Voice au Dialogue au Amplify, majina yanatofautiana kwa kampuni, washa. Ukiona Night Mode washa pia ukiangalia usiku, kazi yake ni kushusha milipuko na kunyanyua minong'ono, mtoto atalala. Ukiangalia kupitia Netflix, fungua sehemu ya kuchagua sauti, movie nyingi utakuta lugha ile ile imeandikwa mara mbili, moja ina 5.1 mbele, yaani ya spika tano na besi, na nyingine haina. Kama huna spika za nje chagua isiyo na 5.1, hiyo imeshatengenezwa kwa spika mbili na watu wa kazi hiyo, tv yako haitakisia. Na kuna jambo watu hawalijui, Netflix wanapopokea kazi kiwango cha sauti wanakipima kwa kufuata maongezi, wanataka yawe karibu na -27 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kinachoitwa LKFS, sio wastani wa kelele zote, kwa hiyo zile walizotengeneza wenyewe mara nyingi unazisikia vizuri kuliko movie ya sinema iliyohamishiwa pale baadaye.

Kitu kingine ni sebule yako. Hukuniambia ikoje ila nakisia maana nyumba nyingi mpya tunajenga hivyo: chini tailizi, juu jipsamu, dirisha la aluminiamu upana wa ukuta, pazia jepesi. Piga kofi moja katikati ya chumba usikilize. Ukisikia mlio unabaki nyuma ya kofi, basi na maneno ya waigizaji yanafanyiwa hivyo hivyo, herufi kama s, f, t, k ndo zinazobeba neno lisikike na ndo nyepesi, zinagongana na ukuta zinakuja zimechelewa, unabaki na mvumo wa sauti bila neno. Zulia kubwa kati ya tv na makochi, pazia zito, rafu ya vitabu au nguo, vinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Na feni, jamani feni, hiyo ya juu ikizunguka namba 5 huwezi kumlaumu Nolan.

Na kwa wale wenye home theatre zile za spika tano na boksi la besi, nimeingia nyumba nyingi nikakuta spika zote tano zimepangwa mstari mmoja kwenye kabati la tv kwa sababu ya urembo, mbili za nyuma nazo ziko mbele. Pale mvua ya nyuma yako na hatua za mtu anayekufuata vinatokea mdomoni mwa mwigizaji. Ya katikati iwe chini au juu ya tv ikiangalia sikio lako, za nyuma zipelekwe nyuma, kama waya haufiki basi zichomoe kabisa na uliambie boksi kwenye menyu kwamba hazipo.

Nije kwenye All Quiet maana hii imeniuma. Hii movie ilichukua Oscar 4 mwaka 2023, moja ya upigaji picha na moja ya muziki, halafu wewe umeiona kama tamthilia! Sababu ni tv yako inatunga picha zisizokuwepo. Movie zinapigwa fremu 24 kwa sekunde, ni desturi iliyokaa tangu sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, na macho yetu yameizoea, ule mtikisiko mdogo wa picha ndo unaotupa hisia kwamba tuko ndani ya hadithi. Tv yako inaonyesha picha 60 au 120 kwa sekunde, kwa hiyo kiwandani wamewasha kitu kinachoangalia fremu ya kwanza na ya pili halafu kinachora za katikati kwa kukisia. Mechi ya Simba na Yanga inapendeza, mpira unauona vizuri. Movie inakufa. Mwanajeshi anakimbia kwenye tope na wewe unaona mtu kakodiwa anakimbia mbele ya kamera, seti inaonekana seti, damu inaonekana rangi.

Usiniamini tu, pima. Tafuta sehemu yoyote mtu anapita mbele ya uzio au ngazi au matofali, kamera ikimfuata. Angalia ukingo wa bega lake. Ukiona kama kuna ukungu au maji maji yanamzunguka, matofali yanapinda akipita halafu yananyooka, hapo ndo tv imekisia ikakosea. Kwenye Samsung ingia picha halafu setingi za ndani utafute Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG wanaiita TruMotion, Sony Motionflow, zima. Mwezi wa 12 mwaka 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video wakiwaomba watu waizime majumbani, na 2019 watu wa filamu na kampuni za tv wakakubaliana kuweka kitufe kimoja, Filmmaker Mode, ukikibonyeza kinazima uchafu wote kwa mpigo. Kama tv yako ni ya karibuni huenda unacho, chungulia kwanza hapo kabla ya kuhangaika na majina.

Utaniuliza mbona kuna waongozaji wanaopiga fremu nyingi kwa makusudi. Wapo. The Hobbit ya 2012 ilipigwa 48, Ang Lee akapiga Gemini Man ya 2019 kwa 120, na hata Avatar ya 2022 kuna sehemu zina 48. Mimi Gemini Man ilinishinda, Will Smith wawili wanapigana na bado nahisi niko kwenye mazoezi yao. Lakini yule ni mwongozaji kaamua, kapanga taa na mapambo yake kwa hesabu hiyo. Tv haijaamua chochote, inakisia tu.

Na midomo kutoendana na maneno, hilo ni jepesi. All Quiet ni movie ya Kijerumani, mwongozaji Edward Berger ni mzaliwa wa Ujerumani, wewe ukaangalia ile iliyoingizwa sauti za Kiingereza na ndo mara nyingi inajifungua yenyewe kama akaunti yako iko Kiingereza. Badilisha sauti weka Kijerumani, subtaito ya Kiingereza. Najua wengi hawapendi kusoma, ila sikiliza yule kijana Paul anavyohema na kulia kwenye lile shimo na yule Mfaransa ambaye yeye Paul kamchoma kisu, ile pumzi ni ya Felix Kammerer mwenyewe, kwenye ile ya Kiingereza sauti zimerekodiwa upya studio. Halafu muziki, zile noti tatu nzito zinazorudi rudi, Volker Bertelmann alizipiga kwa hamoniamu ya zamani ya bibi wa ukoo wake, kwenye spika za tv zinakuwa mlio wa kawaida ila ukiwa na hedifoni nzuri kifua kinakaza. Kwangu ni moja ya movie bora za vita nilizoangalia nyumbani, nzito lakini, usimwekee mtu aliyetoka kazini amechoka.

Roma sasa. Hapa nitakutetea kidogo na nitaitetea movie sana.

Ni kweli inaenda polepole, na mwongozaji Alfonso Cuarón aliitaka hivyo. Ile mwanzoni unaona tailizi za kibarazani tu, mtu humwoni, unasikia anadeki, maji yanakuja na povu, halafu kwenye yale maji unaona ndege inapita angani. Dakika kadhaa hivyo. Kama sebuleni taa zinawaka, dirisha linang'aa kwenye skrini, na simu iko mkononi, ile ndege huioni, na usipoiona hujapata kitu, unabaki unaangalia mtu anadeki. Halafu Roma haina muziki uliotungwa kwa ajili yake, hakuna violini za kukwambia sasa lia, kuna redio tu, wauza vitu mtaani, mbwa, mvua, na vyote vimewekwa kukuzunguka chumba kizima. Hizo spika mbili zimekunyang'anya nusu ya movie hapo, unabaki na picha zisizo na mtaa. Mimi hii namwambia kila mtu aiangalie na hedifoni, hata za bei ya kawaida, taa zimezimwa, na simu iko chumba kingine.

Ukifanya hivyo subiri sehemu ya duka la fenicha. Cleo, dada wa kazi, mjamzito, kapelekwa na bibi wa ile nyumba kununua kitanda cha mtoto. Nje wanafunzi wanaandamana, ni Mexico City Juni 1971, mauaji yaliyotokea kweli. Kamera haikimbii, inageuka taratibu kwenda dirishani, unawaona watu wanapigwa chini mtaani huku sauti zao zinakuja kwa mbali kupitia vioo, halafu ghafla vurugu zinapanda ngazi zinaingia mle mle dukani. Nguvu ya pale inatokana na utulivu wa saa nzima iliyotangulia. Kila nyumba ya mjini kwetu imeshakuwa na dada wa kazi, anayejua kila mtoto anakula nini na hakuna anayemuuliza habari za kwao, sidhani kama kuna movie ya mbali inayotuhusu kuliko hii.

Na kwa kuwa ni nyeusi na nyeupe inakusaidia kupima tv. Ukiona kijivu chake kina ubluu, tv yako iko kwenye Vivid au Dynamic, ile hali ya dukani ya kuvutia wateja chini ya taa kali. Weka Movie au Cinema. Siku mbili tatu za kwanza utaona kila kitu kina unjano, vumilia, jicho likizoea ukirudi Vivid utashangaa ulikuwa unaangalia nini.

Kidogo kuhusu giza maana na hilo ulilitaja kwa kupita. Movie ya flashi ya library, ile faili la mega mia tatu, imebanwa sana, na kubana kunaanza kutupa vitu vya gizani kwanza, kwa hiyo usiku unageuka viboksi viboksi vinavyocheza. Hata wakubwa yaliwakuta, sehemu ya vita ya usiku ya Game of Thrones ya Aprili 2019 watu dunia nzima walilalamika hawaoni kitu. Kwa kustrimu, Netflix wanashauri walau mega 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080 na 15 kwa 4K, bando lako likiwa chini ya hapo inashuka kimya kimya bila kukwambia. Na ndo maana naumia nikimwona mtu anaangalia Vuta N'kuvute kwa faili lililorekodiwa ovyo. Ile ya Amil Shivji ya 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 1950, hadithi yake yote inaishi kwenye vivuli, vichochoro na vyumba vyenye mwanga hafifu, Yasmin na Denge wanazungumza kwa macho kuliko kwa mdomo. Hizo ndo sehemu faili bovu linazozila kwanza.

Kuna movie ambazo hazijali tv. Nairobi Half Life ya 2012, nimeiangalia kwenye laptop yenye spika ya kukoroma na bado ilinishika. Mwas, kijana wa kijijini anayeuza dvd za movie za ngumi huku akiziigiza mbele ya wateja, anaenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ile ile, anaingia jela, anaingia kwenye genge. Joseph Wairimu anaibeba yote begani, maongezi yako mbele, kila anachotaka yule kijana unakijua. Wewe na shemeji anzeni na hiyo wikiendi hii, mpumzike na masubtaito, ila ni ya wakubwa hiyo, mtoto awe amelala kweli.

Kuhusu watu kujifanya, wapo, ila sio wengi kama unavyodhani. Zima hayo makorokoro, mpe Roma usiku mmoja wa haki, na ukimaliza bado unasema hapana, basi ni hapana yako halali na mtu asikutishe nayo. Tenet mimi nimeiangalia kwenye mitambo ya kazini na bado sijaipenda.

Saundiba uliyoulizia mwishoni: nunua yenye spika ya katikati, kwenye boksi imeandikwa 3.0 au 3.1 kwenda juu, usichukue 2.1 kwa sababu ya besi tu maana shida yako ni maneno. Waya wa HDMI uchomeke kwenye tundu la tv lililoandikwa ARC au eARC, tundu lingine lolote la HDMI halitoi sauti nje, halafu ingia menyu ya tv uchague sauti itoke huko.